Mkubwa ni Jalala

Mwezi uliopita nilipata barua ya kijana mmoja wa hapa hapa Dar es Salaam. Ameandika kwa mwandiko mzuri, kurasa mbili, na mwishoni ameniomba nisimtaje jina. Sitamtaja. Anasema amepandishwa cheo kiwandani, amefanywa msimamizi wa zamu, na chini yake wapo watu 22. Baadhi yao ni wakubwa kwake kwa umri. Wamo humo kiwandani tangu yeye akiwa shule ya msingi. Mkuu wake amempa karatasi yenye hesabu ya katoni zinazotakiwa kutoka kila zamu, na zamu yake haifikishi. Amejaribu ukali. Amejaribu upole. Amewahi hata kuwanunulia soda. Sasa ananiuliza mimi, mtu wa redioni: afanye nini?

Mimi si mwalimu wa uongozi. Semina zipo, zenye chai na vitumbua, na vitabu vipo, vimepangwa chini pale Posta, vina picha ya bwana aliyevaa tai na kukunja mikono kifuani. Huko sina la kuongeza. Kazi yangu ni habari za zamani, na kwa habari za zamani nitamjibu. Nitamsimulia habari ya karanga za Kongwa. Na katikati yake, nikipata ujasiri, nitasema jambo langu mwenyewe ambalo sijapata kulisema hadharani.

Karanga za Kongwa wengi wetu tulisomeshwa kwa sentensi mbili. Waingereza walitaka kulima karanga Tanganyika. Wakashindwa kwa sababu ya ukame. Mtihani ukija unaandika hivyo, unapata maksi zako, unaondoka. Lakini ukiisogelea habari ile utaona kwamba mvua ni kipande tu. Kipande kikubwa ni watu kazini: nani alitoa amri, nani aliona, na aliyeona alimwambia nani.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta. Sisemi mafuta ya magari, nasema mafuta ya kula. Siagi na mafuta ya kupikia vilikuwa vinatolewa kwa kadi za mgawo. Mwaka uliofuata, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, Frank Samuel, alikuja Tanganyika, akaona mapori, akapata wazo: kwa nini yasilimwe karanga kwa mashine, shamba kubwa ambalo dunia haijapata kuliona? Serikali ya Uingereza ikalipokea wazo lile kwa mikono miwili. Ikatuma ujumbe wa watu watatu, kiongozi wao John Wakefield, ambaye aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo katika nchi hii. Wakazunguka kwa wiki 9, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na ripoti.

Wiki 9. Shika hesabu hiyo kichwani, maana matokeo yake ni haya: mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Zidisha, utapata zaidi ya ekari milioni 3. Mengi yake yawe Tanganyika, mengine Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na mengine Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24 hivi. Mpango ukapitishwa na Baraza la Mawaziri kule London mwaka 1946, chini ya Waziri wa Chakula, John Strachey. Shamba la majaribio halikutangulia. Ndugu yangu, hata mama ntilie akibadilisha aina ya mchele hupika kwanza sufuria ndogo. Hawa walianza na pipa.

Watu wa kwanza walifika Kongwa mwanzoni mwa mwaka 1947. Na hapa nataka niende polepole.

Bandari ya Dar es Salaam wakati ule ilikuwa ndogo, na mizigo ya mpango ikafika kwa wingi kuliko uwezo wake. Reli ya Kati ilikuwa njia moja, na mto Kinyasungwe ukifurika huibeba reli kama mtu anavyookota kamba. Matrekta mapya hayakupatikana, kwa hiyo yakanunuliwa yaliyotumika, mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, mengi yao yamechoka. Yakafika Kongwa, yakakutana na vichaka vilivyosokotana, na mibuyu. Wenzetu wa Dodoma wanaujua mbuyu. Si mti wa kusukumwa kwa hasira. Tingatinga likiukumba mara nyingi ni tingatinga linalolala. Na kichaka ukikisukuma juu, mizizi inabaki chini inasubiri plau. Plau zikavunjika. Udongo wenyewe una mfinyanzi na mchanga mkali. Mvua ikikatika unakauka na kuwa kama sakafu ya saruji, na ule mchanga unasaga chuma kama tupa. Maji ya kunywa yaliletwa kutoka mbali. Karakana ilikuwa na mafundi wachache na spea chache zaidi. Kabla mwaka haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imesimama.

Yote hayo ni mashaka ya kawaida ya kazi ngumu. Kila mradi una mashaka yake, na watu hodari hupambana nayo wakayashinda. Tena watu hodari walikuwapo. Askari wa Kiingereza waliotoka vitani walijitolea kwa maelfu kwenda katika hilo walilokuwa wakiliita jeshi la karanga. Vijana wetu walifundishwa udereva wa matrekta kwa muda mfupi tu, wakaambiwa waendeshe. Watu walifanya kazi kwa jasho la kweli kweli. Ukitaka kusema Kongwa ilikufa kwa uvivu, utakuwa umewaonea marehemu.

Iliuawa na nini basi? Mimi nasema iliuawa na ekari.

London ilitaka ekari. Ripoti ilisema mwaka wa kwanza zilimwe ekari 150,000, na hesabu hiyo ikawa ndiyo kipimo cha mtu. Kila mkuu alimwuliza aliye chini yake: ekari ngapi? Naye akamwuliza wa chini yake. Swali likateremka ngazi zote mpaka kwa kijana aliyeshika usukani, ambaye trekta lake linatoa moshi mweusi na yeye anausikia mlio usio wa kawaida kwenye injini. Kijana huyo anajua kwamba akisimamisha ili fundi aangalie, leo amekosa ekari. Akiendelea, keshokutwa trekta limekufa, lakini leo amepata ekari. Wewe ungefanya nini? Swali linateremka haraka kama maji ya Kinyasungwe. Jibu la kweli, lile la kusema bwana mkubwa, udongo huu haulimiki kiangazi, trekta hili halifai, mizizi inavunja plau, jibu hilo halina ngazi ya kupandia. Likipanda hatua mbili linalainishwa. Likifika London limekuwa ripoti.

Matokeo ya mwaka ule wa kwanza? Zilipandwa ekari 7,500 hivi. Si 75,000. Elfu saba na mia tano, kati ya 150,000 zilizotakiwa.

Hapo ndipo watu wa kawaida wangesimama na kuulizana. Badala yake wakubwa walibadilishwa. Mwaka 1948 kampuni ikakabidhi kazi kwa shirika jipya la serikali, Overseas Food Corporation. Mwenyekiti wake alikuwa Leslie Plummer, mtu aliyetoka kwenye biashara ya magazeti. Na mimi kwa kuwa nakula kwenye magazeti sina budi kunyamaza hapo. Mkuu wa kazi aliyepelekwa Tanganyika alikuwa Meja Jenerali Desmond Harrison, mhandisi wa jeshi, mtu wa nidhamu. Alikuwa mchapakazi, tena kupita kiasi. Alizama kwenye makaratasi usiku na mchana, akitaka kila jambo lipite mezani kwake, mpaka afya yake ikavunjika, akarudishwa kwao mgonjwa. Mimi namhurumia bwana yule. Yapo maofisi mengi hapa mjini yenye jenerali wa namna hiyo, wa kwanza kufika, wa mwisho kuondoka, mafaili yamempanda mpaka kidevuni, na bado hajui kwamba choo cha wafanyakazi hakina maji tangu Jumanne.

Wahenga wa pwani walisema mkubwa ni jalala. Maana yake kila takataka itatupwa kwake: malalamiko, lawama, habari mbaya, harufu mbaya. Watu husema hivyo kumpoza kiongozi aliyetukanwa, avumilie. Lakini mimi nadhani methali ile ni ya kazi hasa. Nyumba isiyo na jalala haikosi takataka. Zinarundikana uvunguni. Kongwa takataka zilikuwa zinarundikana uvunguni, na jalala lenyewe lilikuwa London, safari ya wiki kadhaa kwa meli.

Hebu sasa tuwatazame Wagogo, ambao ardhi ile ni yao. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ulipigwa na njaa kubwa, ukame ukiwa umeungana na vita vya Wajerumani na Waingereza, majeshi yakichukua chakula, ng'ombe na watu. Wagogo waliipa njaa ile jina, wakaiita Mtunya. Mtoto aliyezaliwa wakati wa Mtunya, alipofika mwaka 1947 alikuwa mtu mzima wa miaka kama 28, umri wa kuajiriwa kibarua. Ina maana katika vibarua waliokuwa wakikata vichaka walikuwamo watu ambao mama zao walikuwa wakiwasimulia jinsi mvua ya nchi hiyo inavyosema uongo. Elimu hiyo haikuwa mbali. Ilikuwa imesimama pale pale juani imeshika panga. Ila katika ule mpango wa mashamba 107 haikuwa na safu ya kuandikwa. Mpango ulikuwa na safu ya vibarua wangapi, haukuwa na safu ya vibarua wanasema nini.

Sauti ikikosa mlango hutoka dirishani. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kudai mshahara, maana bei za vitu zilikuwa zimepanda tangu vitani na mshahara umesimama. Mgomo ukapanda treni. Ukaifuata Reli ya Kati kituo kwa kituo kuelekea bara, na Kongwa nako wafanyakazi wakaweka zana chini. Mpango wenyewe ulikuwa umechangia kupandisha bei katika nchi: maelfu ya watu wamejazana mahali pamoja, wanahitaji chakula, na chakula hakikuongezeka. Mgomo ule ni mara moja ambapo habari ya chini ilifika juu bila kulainishwa. Na tazama ilivyobidi ifike.

Nimesema nitasimulia la kwangu. Nilisimulie sasa, kabla ujasiri haujaniishia.

Kabla sijawa mtu wa redio nilifanya kazi katika kampuni moja ya usafirishaji hapa mjini. Jina lake halina haja, na kosa lilikuwa langu. Ilikuwa mwaka 1988. Nilikuwa kijana, nimefanywa mkuu wa magari, nina malori 11 na karatasi ukutani yenye hesabu ya tripu kila mwezi. Kila Jumatatu niliitwa juu kuulizwa tripu ngapi, nami nikishuka nawauliza madereva tripu ngapi. Unaona mwenyewe: nilikuwa na Kongwa yangu ndogo, ila mimi nilikuwa siijui.

Tulikuwa na fundi, mzee wa makamo, mtu wa maneno machache. Asubuhi moja ya masika, lori limepakiwa saruji ya kwenda Songea, akaja mlangoni kwangu akiwa ameshika tambara la mafuta. Akasema, "Bosi, lile gari lisiende. Klachi inateleza." Nikamwuliza itachukua muda gani. Akasema siku mbili, spea ikipatikana. Nikatazama karatasi ya ukutani. Mwezi ulikuwa umebakiza siku 4. Nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka kama nimeyasema jana, "Mzee, wewe kila gari kwako ni bovu." Watu wawili waliokuwa ofisini wakacheka. Yule mzee hakujibu. Alikunja tambara lake, akalitia mfukoni, akaondoka. Na gari likaondoka.

Wanaoijua barabara ya Iringa wanaijua Kitonga. Mlima ule hauna mzaha na gari lenye mzigo. Lori likafika katikati ya kona, klachi ikakataa, gari likaanza kurudi nyuma. Utingo, kijana wa miaka 20, akaruka na kigingi kama walivyofundishwa, akakisukuma chini ya tairi. Gari likasimama. Mkono wake haukutoka kwa wakati. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Dereva alisalimika, saruji ikanyeshewa siku tatu pale mlimani, ikaganda ndani ya mifuko.

Nilikwenda kumwona hospitali. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Lakini kilichonifungua macho ni kingine. Niliporudi karakana nikamwita yule fundi, nikamwambia mzee, ulikuwa sahihi. Akasema, "Nimezoea." Nikauliza amezoea nini. Ndipo akaniambia kwamba mwezi ule alikuwa na magari mengine matatu ambayo asingeyaruhusu kutoka kama yangekuwa ya kwake, ila baada ya kuchekwa pale ofisini hakuona sababu ya kuja tena mlangoni kwangu. Matatu! Yote yalikuwa njiani. Nilipiga simu kila kituo nilichoweza. Usiku ule sikulala.

Zingatia, kijana uliyeniandikia. Yule mzee sikumfukuza kazi wala sikumkata mshahara. Nilimfanyia mzaha mmoja tu, mbele ya watu wawili. Kuziba mdomo wa mtu kazini hakuhitaji zaidi ya hapo.

Nirudi Kongwa nimalizie. Waliletewa mashine nyingine, zikiwamo Shervick, ambazo zilikuwa vifaru vya vita vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta na kampuni ya Vickers. Hazikufaa. Walifunga mnyororo wa nanga ya meli katikati ya matingatinga mawili na kuburuta kichaka, na mbinu hiyo ilisaidia kidogo, kwa sababu ilibuniwa na watu waliokitazama kichaka wenyewe. Alizeti ikajaribiwa, ukame ukaikuta shambani. Mwaka 1949 wakaguzi wa hesabu wakasema vitabu vya shirika havikuwekwa sawasawa; vifaa vilikuwa vimetawanyika hata haijulikani nini kiko wapi. Aliyekuwa akishughulikia habari za shirika, Alan Wood, aliacha kazi, na mwaka 1950 akatoa kitabu kilichoeleza mambo yalivyokwenda. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuvunja mpango. Hasara iliyofutwa vitabuni ilikuwa pauni milioni 36 hivi. Kule kusini zilibaki bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Bandari tunayo mpaka leo, reli iling'olewa baada ya uhuru kwa kukosa mzigo.

Watu husema basi, Tanganyika haikuwa nchi ya kilimo kikubwa, hakuna ambaye angefaulu. Sikubali. Kampuni ile ile ya United Africa ilikuwa inanunua karanga Nigeria ya Kaskazini, na miaka hiyo hiyo, huko Kano, magunia ya karanga yalikuwa yamerundikwa kama milima yakisubiri mabehewa. Zililimwa na nani? Wakulima wadogo, kila mtu na jembe lake na shamba analolijua.

Wala tusiende Kano. Twende Usukuma. Miaka hiyo hiyo wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa na kero moja: mizani. Mkulima anapeleka pamba kwa mnunuzi, mizani inasoma pungufu, na hana wa kumwambia. Ukilipunja jasho la mtu kwenye mizani usimtarajie mwakani aongeze shamba. Wakulima wakaanza kuchagua watu wao wanaojua kusoma, wakasimame penye mizani na kutazama. Katika kazi hiyo alijitokeza kijana mmoja, Paul Bomani, ambaye baadaye mlimjua kama waziri na balozi. Kutoka hapo penye mizani vikazaliwa vyama vya msingi, vikaungana, na kufikia mwaka 1955 upo Muungano wa Victoria, ushirika uliokuja kuwa miongoni mwa mikubwa Afrika. Na pamba? Katika miaka ile ya 1950 pamba ya Usukuma iliongezeka maradufu na zaidi. Sisemi ni mizani peke yake. Bei ilikuwa nzuri, na watu walifungua ardhi mpya. Lakini jembe ni lile lile na plau ni ya ng'ombe. Hakuna jenerali aliyekwenda kule kuwauliza ekari ngapi.

Angalia tofauti ilipo. Bomani na wenzake hawakuanza kwa kumwuliza mkulima mbona hulimi zaidi. Walianza na kile kilichokuwa kinamuudhi mkulima, wakakishika, wakakisimamia kwa macho yao mpaka kikanyooka. Mazao yakafuata nyuma kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani.

Kwa hiyo, kijana wangu wa katoni, barua yako imenieleza unachotakiwa kutoa, imenieleza ukali wako, upole wako na soda zako. Kurasa mbili nimezisoma mara tatu. Hakuna mahali umeniambia watu wako 22 wanasema nini kuhusu ile kazi. Hao wazee unaowaogopa kidogo, waliomo humo tangu ukiwa unasoma, wanajua mashine ipi inasumbua saa nane usiku, na kwa nini. Wanajua kama katoni zinachelewa kwa sababu ya mikono yao au kwa sababu gundi inaletwa imechelewa kutoka stoo. Mmoja wao pengine alishawahi kumwambia msimamizi aliyekutangulia, akachekwa.

Ukienda kuwauliza, usiwaite ofisini. Ofisini mtu huvaa jibu la ofisini. Nenda pale mashine ilipo, zamu ikiwa inaendelea, usishike karatasi. Usimwulize katoni ngapi, mwulize nini kinamkera. Wiki ya kwanza watakwambia hakuna shida, bosi. Usiamini, na usikasirike, wanakupima tu. Wiki ya pili mmoja atatoa jambo dogo, labda taa imeungua, labda glavu zimetoboka. Hilo dogo lishughulikie siku ile ile, hata kama ni kwa kugombana na mtu wa stoo, maana wote 22 watakuwa wanatazama litaishia wapi. Kubwa litakuja baadaye.

Na lipo la pili, gumu kuliko hilo. Ukishaletewa habari mbaya, itabidi uipeleke kwa mkuu wako, naye ana karatasi yake ukutani. Mimi mwaka ule 1988, baada ya Kitonga, nilipanda juu Jumatatu nikasema mwezi huu tripu hazitafika, magari matatu yanalala karakana kwa amri yangu. Sikupongezwa, nakwambia kweli. Nilisemwa mbele ya watu, na mwaka uliofuata nilikosa nyongeza. Siwezi kukuahidi kwamba wewe utapongezwa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba asubuhi iliyofuata nilipofika ofisini, yule mzee alikuwa amesimama mlangoni kwangu na tambara lake mkononi. Akasema, "Bosi, lile la nne nalo."

Kongwa nilipita miaka michache iliyopita, nikielekea Mpwapwa. Sehemu ya nchi ile sasa ni ranchi ya taifa. Ng'ombe wanachunga pale walipotaka karanga. Nikasimama dukani kununua maji, nikamwuliza muuza duka, mama wa Kigogo, kama mwaka huu mvua itakuwa nzuri. Akanitazama, akatazama juu, akanirudishia chenji yangu.

"Mbona unaniuliza baada ya kununua maji?" akasema.

Tukutane tena Jumapili ijayo, saa ile ile.